Sindano Ikisema "Hatujui": Kupima Jeni za Uvimbe wa Shingo



Mwezi uliopita mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama alifika ofisini kwetu na karatasi mbili ndani ya bahasha. Ya kwanza ilikuwa majibu ya hospitali ya mwanachama wao, mama wa watoto wanne, ambaye amekuwa na uvimbe shingoni kwa muda wa miaka miwili. Ya pili ilikuwa orodha ya michango. Kikundi kilikuwa kimechanga pesa za operesheni, na mwanachama mmoja alikuwa ameuza mbuzi wake. Lakini majibu ya hospitali yaliwachanganya. Hayakusema ni kansa. Wala hayakusema si kansa. Yalisema, kwa Kiingereza cha madaktari, kwamba seli zilizotolewa kwa sindano hazikuweza kutambuliwa vizuri, na kwamba mgonjwa anaweza kupasuliwa ili ukweli ujulikane.

"Sasa," mweka hazina akatuuliza, "tumpeleke akatwe shingo kwa jambo ambalo hata daktari mwenyewe halijui? Na kijana wa shemeji yangu aliye Nairobi anasema kuna kipimo cha jeni kinachoweza kusema bila kisu. Ni kweli, ama ni hadithi za mjini?"

Tuliona swali hili si la kikundi kimoja tu. Ni kweli, kipimo kipo. Lakini kina mambo yake, na kikundi kinachotaka kutumia pesa za wanachama ni vizuri kiyaelewe kwanza.

UVIMBE WENYEWE NI NINI?

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, kila mtu ana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Madaktari huiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili: mapigo ya moyo, joto, nguvu ya kufanya kazi, na kukua kwa watoto. Ili kuzitengeneza tezi hii huhitaji madini ya iodini. Chakula kikikosa iodini kwa muda mrefu, tezi huvimba, na hiyo ndiyo goita, au rovu kama wengine wanavyoiita. Wazee wetu wa sehemu za milimani wanaikumbuka sana. Ndiyo sababu sheria ya Kenya inataka chumvi ya kupikia itiwe iodini.

Mbali na goita ya namna hiyo, tezi inaweza kuota kinundu kimoja au vinundu kadhaa ndani yake, hata kwa mtu anayekula chumvi nzuri kila siku. Katika nchi ambazo iodini inatosha, karibu wanawake 5 kati ya 100 na mwanamume 1 kati ya 100 wana kinundu kinachoweza kuguswa kwa mkono. Vile vidogo vinavyoonekana kwa mashini tu ni vingi zaidi. Na katika vinundu ambavyo madaktari huchunguza, vyenye kansa ni kama 7 hadi 15 kwa kila 100. Yaani vingi sana si kansa. Tunasema hivi kwa sababu tumeona kijijini mtu akitajwa tu kuwa na uvimbe wa shingo, majirani wanaanza kunong'ona kana kwamba ameshakufa.

Hata hivyo ziko dalili ambazo hazitaki kungojea mkutano wa kikundi. Uvimbe unaokua upesi kwa wiki chache, uvimbe mgumu kama jiwe, sauti kukwaruza bila mafua, shida ya kumeza au kupumua, au matezi mengine kuvimba pembeni mwa shingo: mtu huyo aende hospitali kesho, si mwezi ujao. Na mtoto mwenye kinundu apelekwe mapema kuliko mtu mzima.

Na tuseme mambo mawili kabla hatujaendelea. Kula chumvi nyingi zaidi hakuyeyushi kinundu kilichokwisha kuota. Kutaongeza presha tu. Kuchanjwa chale juu ya uvimbe nako hakuondoi kitu, na kunaweza kuleta usaha.

SINDANO NA MAJIBU YAKE

Hospitalini kazi huanza na damu, kuona kama tezi inatengeneza homoni nyingi mno au kidogo mno. Kinundu kinachotengeneza homoni nyingi mno mara chache sana huwa kansa. Halafu hufuata altrasaundi, ile mashini ya picha inayotumiwa kwa akina mama wajawazito. Picha humwonyesha daktari ukubwa wa kinundu, kama kimejaa maji au nyama, na kama mipaka yake ni laini au imeparuka. Kinundu kikionekana cha kutiliwa shaka, daktari huingiza sindano nyembamba na kuvuta seli chache. Mgonjwa halazwi, na anaweza kurudi nyumbani siku ile ile.

Seli hizo hupakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa darubini. Zamani kila hospitali ilikuwa na lugha yake ya kuandika majibu. Mwaka 2007 wataalamu walikutana Bethesda, Marekani, wakakubaliana juu ya madaraja sita, na mpango huo ulifanyiwa marekebisho ya karibuni mwaka 2023. Kwa hiyo ukiona neno Bethesda kwenye karatasi ya mgonjwa wako, tafuta namba iliyo karibu nalo. Daraja la 1 maana yake seli hazikutosha, sindano irudiwe. La 2 si kansa, ingawa kwa watu 100 wenye jibu hilo karibu 4 wanaweza kuwa nayo, na ndiyo maana wanaambiwa warudi kuangaliwa. La 5 linashuku sana, na la 6 karibu ni kansa kabisa.

Taabu iko katikati, daraja la 3 na la 4. Hapo ndipo alipoangukia yule mama. Kwa marekebisho ya 2023, katika watu 100 wa daraja la 3, kama 22 wana kansa. Katika watu 100 wa daraja la 4, kama 30.

Kwa nini daktari hajui, na seli anaziona mbele yake? Tuchukue mfano wa mbuzi. Mbuzi mtulivu anayekaa zizini na mbuzi mkorofi anayeruka ua wanafanana kabisa ukiwaangalia usoni. Ili ujue mkorofi ni nani, lazima uone ua: umevunjwa au haukuvunjwa? Kuna aina ya uvimbe wa tezi ambao ni hivyo hivyo. Seli za uvimbe mzuri na seli za kansa zinafanana, na tofauti ni kama seli zimetoboa ganda la kinundu na kutoka nje. Sindano huleta mbuzi wachache bila ua. Basi daktari wa maabara si mjinga akiandika kwamba hajui. Anasema ukweli.

Kwa hiyo kwa miaka mingi njia ilikuwa moja: kata, utoe nusu ya tezi, kisha uangalie ganda. Tukirudi kwenye hesabu ya daraja la 3, watu 100 wakikatwa, 78 wataambiwa baadaye kwamba hakukuwa na kansa. Wengine watasema, si afadhali kujua? Ni kweli. Lakini kisu cha shingoni kina gharama yake hata kikienda vizuri. Nyuma ya tezi hupita mishipa ya fahamu inayoongoza sauti, na ikiguswa mtu anaweza kubaki na sauti ya kukwaruza. Zipo tezi nne ndogo sana zinazotunza kalsiamu ya damu. Zikiumia, vidole na midomo hufa ganzi na misuli hukakamaa. Tezi ikitolewa yote, mgonjwa atameza kidonge cha homoni kila siku maisha yake yote. Hata waliotolewa nusu, wengine huhitaji kidonge hicho. Kwa mama anayeishi kilomita nyingi kutoka kwenye duka la dawa, kidonge cha kila siku si jambo dogo.

KIPIMO CHA JENI KINATAFUTA NINI?

Kila kikundi kina kitabu cha sheria na kumbukumbu. Tuseme katibu anapaswa kukinakili neno kwa neno kila kikundi kinapozaa kikundi kingine. Seli za mwili zinafanya hivyo. Kila seli ina kitabu chake kilichoandikwa kwa herufi nne tu, na herufi zote pamoja ni kama bilioni 3. Jeni ni kama sura moja ya kitabu hicho, inayoeleza kazi moja. Seli inapogawanyika, kitabu kinanakiliwa. Na katibu, hata awe hodari namna gani, siku moja atakosea herufi.

Makosa mengi hayadhuru. Lakini yako makosa yanayoangukia sura mbaya. Jeni moja inayoitwa BRAF ina kazi kama ya mfereji wa tangi la maji: hufunguka seli inapotakiwa kukua, kisha hufungwa. Ikibadilika herufi moja tu mahali fulani, mfereji unabaki wazi usiku na mchana, na seli hukua bila kuambiwa. Wanasayansi wa Uingereza waliitangaza kasoro hiyo mwaka 2002 walipokuwa wakichunguza kansa za aina mbalimbali, hasa kansa ya ngozi. Mwaka uliofuata, 2003, ikaonekana kwamba ni ya kawaida sana katika kansa ya tezi iitwayo papilari, ambayo ndiyo aina inayopatikana zaidi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2014, karibu kansa 6 kati ya 10 za aina hiyo zilikuwa nayo.

Kuna nyingine. Jeni za ukoo wa RAS nazo ni mifereji ya ukuaji. Na kuna makosa ambayo si ya herufi moja: kurasa mbili za mbali zinakatika na kushonwa pamoja, kama mshonaji aliyeunganisha mguu wa suruali na mkono wa shati. Kosa la namna hiyo katika jeni ya RET lilionekana kwa wingi katika kansa za tezi za watoto walioishi karibu na Chernobyl, baada ya mtambo wa nyuklia kulipuka mwaka 1986 na watoto kunywa maziwa yenye iodini ya sumu ya mionzi.

Kipimo chenyewe hakiongezi maumivu. Daktari anapovuta seli kwa sindano, matone machache hutiwa katika kichupa chenye dawa ya kuhifadhi. Jibu la darubini likija la kati, kichupa hicho hupelekwa maabara na mashini husoma jeni zinazohusika. Mwanzoni walisoma chache. Mwaka 2011 madaktari wa Pittsburgh, Marekani, walitoa matokeo ya sampuli 1,056 zenye majibu ya kati, walizozipima makosa machache tu yanayojulikana sana. Kwa sampuli za daraja la 3, zilizokuwa na kosa la jeni zilikuwa kansa mara 88 kwa 100. Zisizo na kosa lolote, mara 6 kwa 100. Siku hizi kipimo kipana cha huko huko Pittsburgh, kinachoitwa ThyroSeq, husoma jeni 112. Kuna kingine cha Marekani kiitwacho Afirma, ambacho huangalia zaidi ni jeni zipi zinazofanya kazi kwa nguvu na zipi zimelala.

MAHARAGWE MIA MOJA

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo tunaomba mfanye zoezi hili katika mkutano wenu. Leteni maharagwe 100: mekundu 28 na meupe 72. Hawa ni watu 100 ambao sindano imesema "hatujui". Wekundu ni wale ambao uvimbe wao kweli unatakiwa kutolewa. Weupe hawana haja ya kisu. Hesabu hii tunaitoa katika utafiti wa ThyroSeq uliotolewa mwaka 2019, uliofanywa katika hospitali kumi.

Sasa wekeni vikapu viwili mezani. Kimoja ni cha "akatwe", kingine ni cha "angoje na kuangaliwa". Kabla ya kipimo cha jeni, wote 100 wangeweza kuingia katika kikapu cha kwanza.

Kipimo kinawagawa hivi. Katika wekundu 28, 26 wanaingia "akatwe". Wawili wanapotea na kuingia "angoje". Katika weupe 72, 59 wanaingia "angoje", nao wamepona kisu. Lakini 13 wanaingia "akatwe" kwa makosa.

Hesabuni vikapu. Katika "angoje" kuna 61, na kati yao ni wawili tu wekundu, yaani kama 3 kwa 100. Hiyo ni karibu sawa na jibu zuri la sindano, lile daraja la 2 ambalo kila daktari hulikubali. Utafiti ule ulionyesha pia kwamba kansa zilizopotea zilikuwa za aina zisizo kali. Katika "akatwe" kuna 39, na wekundu ni 26. Maana yake mtu aliyeambiwa "jeni zako zina kasoro" bado ana nafasi moja kati ya tatu ya kuwa hana kansa.

Mwacheni kila mwanachama aguse vikapu hivyo na kuhesabu mwenyewe. Tumeona watu wakielewa kwa maharagwe jambo ambalo maneno yetu ya nusu saa hayakuwaingia. Na mtaona wenyewe nguvu ya kipimo iko upande gani: faida yake kubwa ni kwa mtu anayeambiwa "ngoja". Mwaka 2021 madaktari wa Los Angeles waliotumia vipimo hivyo viwili kwa wagonjwa wao walitoa habari kwamba karibu nusu ya wenye majibu ya kati waliepuka operesheni.

Lakini kila jeni ina tabia yake. Kasoro ile ya BRAF ikionekana, ni kansa karibu kila mara, na hakuna haja ya kubishana. RAS ni mtu wa pande mbili: huonekana katika kansa na huonekana katika uvimbe usio na kansa. Kwa hiyo msikubali jibu la "kasoro imeonekana" peke yake. Ulizeni ni kasoro gani.

Hapa tuwaonye kidogo. Baadhi ya maabara zinaweza kupima BRAF peke yake, na kwa sababu ni herufi moja tu inayotafutwa, bei huwa ndogo zaidi. Mtu atavutiwa. Lakini katika daraja la 3 na la 4 kasoro inayoonekana zaidi ni RAS, si BRAF. Tena katika sehemu zilizokosa iodini kwa muda mrefu, kansa ya aina ya folikula, ile ya mbuzi na ua, huchukua sehemu kubwa zaidi, na hiyo haina BRAF ya namna hii. Basi BRAF ikikosekana, mgonjwa wenu hajaambiwa kwamba ni mzima. Ameambiwa tu kwamba mlango mmoja umefungwa. Tunaona si vizuri kikundi kulipia kipimo hicho kwa kutumaini neno "hakuna".

JE, NI UGONJWA WA UKOO?

Mweka hazina alituuliza jambo hili kwa sauti ya chini, na tukaelewa sababu. Mama yule ana binti wanaokaribia kuolewa, na neno jeni likisikika watu husema "basi ni damu yao". Tunajibu wazi. Kasoro hizi tulizozitaja hutokea ndani ya kinundu chenyewe, mtu akiwa ameshazaliwa na kukua. Hazimo katika damu yake wala katika mayai ya uzazi. Binti zake hawakuzirithi, na mtu asizitumie kumharibia msichana ndoa yake.

Iko aina moja tofauti, kansa ya tezi iitwayo medula. Ni kansa chache sana za tezi zilizo za aina hii. Katika hizo, karibu robo hurithiwa, kwa kosa la jeni ya RET ambalo mtoto huzaliwa nalo. Tangu mwaka 1993 kosa hilo linajulikana na linaweza kupimwa kwa damu. Familia yenye mgonjwa wa medula inapaswa kupimwa, hata watoto, kwa kuwa mtoto aliyelirithi anaweza kutolewa tezi kabla kansa haijaanza. Kipimo cha ukoo mzima ni kwa familia hizo.

PESA, NA LA KUFANYA

Tuseme kweli. Bei ya vipimo vile vipana huko Marekani ni zaidi ya dola 3,000, yaani zaidi ya shilingi laki tatu na nusu za Kenya, bila nauli ya kichupa. Kwa vikundi vyetu vingi hiyo ni akiba ya miaka. Kwa hiyo kabla ya kuitisha harambee ya kipimo cha jeni, kuna hatua za bei ndogo ambazo watu huziruka, nasi tunashangaa kwa nini.

Ya kwanza ni kurudia sindano. Kwa jibu la daraja la 3, sindano ya pili baada ya miezi michache mara nyingi huleta jibu lililo wazi. Irudiwe ikiongozwa na altrasaundi, si kwa kupapasa kwa mkono, ili sindano iingie mahali panapotakiwa. Ya pili ni kuomba vile vioo vya mwanzo viangaliwe na daktari mwingine wa maabara, katika hospitali kubwa ya rufaa. Si kumtukana wa kwanza. Macho mawili ni macho mawili. Ombeni vioo vyenyewe, si karatasi tu, na mvibebe kwa uangalifu ndani ya kitambaa. Ya tatu ni picha ya altrasaundi iliyoandikwa vizuri. Kinundu kidogo chenye sura nzuri kwenye picha na jibu la daraja la 3 kinaweza kufuatiliwa kwa picha kila baada ya muda, bila kisu na bila jeni, daktari akikubali.

Kama uvimbe ni mkubwa kiasi cha kubana koo, utatolewa tu, jeni ziseme zitakavyosema. Hapo kipimo ni pesa kutupwa. Vivyo hivyo kwa daraja la 6. Kipimo kina maana pale tu ambapo jibu lake litabadilisha kitakachofanyika. Swali la kumuuliza daktari ni moja: "Jibu likija hivi utafanya nini, na likija vile utafanya nini?" Akisema atakata kwa vyovyote, wekeni pesa zenu kwa operesheni. Muulizeni pia kama ni nusu ya tezi au yote. Na muulize mapema, ofisini kwao na kwa maandishi, ni sehemu gani itakayolipwa na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ili msije mkachanga mara mbili.

Jambo la mwisho kuhusu pesa. Vikundi viwili vimetuuliza kama vinaweza kuleta mashini ya altrasaundi siku ya kambi ya afya ili kila mtu apigwe picha ya shingo. Tunawaomba msifanye hivyo. Korea Kusini walifanya. Watu wazima walipigwa picha za shingo pamoja na vipimo vingine, na kati ya 1993 na 2011 kansa za tezi zilizogunduliwa ziliongezeka mara 15. Waliokufa kwa kansa hiyo hawakupungua. Maelfu walikatwa tezi kwa vijikansa ambavyo vingekaa kimya mpaka uzeeni. Mwaka 2016 wataalamu hata waliamua kwamba aina moja ya uvimbe wa tezi iliyokuwa ikiitwa kansa iondolewe jina hilo, kwa kuwa haina tabia ya kansa. Anayestahili kupimwa ni yule mwenye uvimbe unaoonekana au kuguswa, na yule mwenye dalili tulizozitaja.

Tulimweleza mweka hazina haya yote, na yeye akawaeleza wanachama wake, kwa maharagwe. Mkutano ulichukua muda mrefu. Wengine walitaka mama akatwe haraka "yaishe", na mumewe alikuwa upande huo. Mwenyewe mama, ambaye siku zote alikuwa akinyamaza, akasema shingo ni yake na angependa sindano ya pili kwanza. Karatasi yake ilikuwa ya daraja la 3, na kinundu hakijakua tangu picha ya mwanzo. Kikundi kikakubali. Pesa za operesheni zimebaki benki chini ya sahihi za watu watatu, aliyeuza mbuzi amekataa kurudishiwa, na mama amepewa tarehe ya kwenda tena hospitali baada ya mavuno ya mahindi.